Muulizeni mzee kuhusu chupa ya pili: barua ya wazi kwa wakuu wa afya wa Nyanda za Juu Kusini

Kwa Waganga Wakuu wa Mikoa ya Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe. Kwa Waganga Wakuu wa Halmashauri na timu zao za afya. Kwa waratibu wa tiba asili na tiba mbadala wa mikoa na halmashauri.

Waheshimiwa,

Mzee anapofika kliniki ya presha na sukari, iwe Tukuyu, Vwawa, Mafinga au Makambako, mkononi ana kadi na mfuko wa vidonge vilivyobaki. Nyumbani ana chupa ya pili. Huenda ni maji ya mizizi yaliyochemshwa juzi, unga wa mlonge kwenye kopo la zamani la maziwa, mafuta ya kuchulia magoti, au virutubisho alivyotumiwa na mtoto wake kutoka Dar es Salaam. Ya kwanza tunaiandika. Ya pili hatuiulizi, na tukiiuliza huwa ni kwa kumkaripia, naye akirudi mara nyingine anaificha.

Tunaomba jambo moja. Kila mtu wa miaka 60 na kuendelea anayehudumiwa katika vituo vyenu aulizwe kwa heshima anatumia nini kingine, jibu liandikwe mahali panapojulikana, na awepo mtu mwenye wajibu wa kulifanyia kazi. Yote yanayofuata ni maelezo ya kwa nini na kwa namna gani.

Tunaoandika ni wauguzi, wafamasia, matabibu na waganga wa tiba asili waliosajiliwa. Hatuikashifu tiba asili wala hatuipigii debe. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 iliitambua na kuiundia Baraza, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi mzee huduma ya afya inayomstahili. Huko juu, basi, daraja lipo. Linakatika pale dirisha la wazee, ambapo muuguzi ana foleni ndefu na kadi haina hata mstari mmoja wa kuandika neno "mlonge".

Tuanze na mwili wenyewe, maana ndiko kosa la kwanza hutokea. Kipimo kisichomdhuru kijana wa miaka 30 kinaweza kumlaza mzee. Maji ya mwilini hupungua na umri, kwa hiyo dawa inayoyeyuka kwenye maji hukaa ndani yake ikiwa nzito zaidi. Figo nazo hupunguza kasi ya kuchuja, takriban mililita 1 kwa dakika kwa kila mwaka baada ya miaka 40. Hili halionekani kwa macho, na baya zaidi, halionekani hata kwenye karatasi ya maabara kwa mtu anayeisoma haraka. Kreatinini, taka ya kwenye damu inayopimwa kujua hali ya figo, inatokana na misuli. Bibi aliyekonda ana misuli michache, hivyo kreatinini yake inatoka "kawaida" hata figo zikiwa zimechoka kabisa.

Fanyeni hesabu hii pamoja na watumishi wenu. Chukueni mwanamke wa miaka 78, kilo 42, kreatinini mikromoli 90 kwa lita. Fomula ya Cockcroft na Gault, inayotumika tangu 1976, inasema: toa umri kwenye 140, unapata 62, zidisha kwa kilo 42, zidisha kwa 1.04 (kwa mwanaume ni 1.23); gawanya kwa 90. Jibu ni kama mililita 30 kwa dakika. Hapo metifomini ya kisukari iko ukingoni mwa kupigwa marufuku, diklofenaki ya maumivu haifai kabisa, na kikombe cha mizizi asiyoijua mtu ni hatari ya kweli. Karatasi ilisema kawaida. Mtumishi aliyeisoma hakukosea kusoma, ila hakufundishwa kuingiza umri na uzito. Fomula hii ingebandikwa ukutani katika kila chumba cha tabibu, ikiwa na mfano mmoja kama huu.

Kwamba miti ina nguvu, watu wa ukanda huu walilijua zamani. Sumu ya mishale iliyoitwa kombe, ya mmea wa Strophanthus, ilitumika bonde la Shire na upande wa kusini wa Ziwa Nyasa, ziwa hilihili linaloonekana kutoka Kyela. John Kirk, daktari wa msafara wa David Livingstone wa 1858 hadi 1864, aliona mapigo ya moyo wake yakipungua baada ya mswaki wake kuchanganyika na sumu hiyo mfukoni. Kutokana na mmea huo ikapatikana strofanthini, dawa ya moyo. Mtu anayesema "ni majani tu, hayana madhara" na mtu anayesema "ni majani tu, hayatibu chochote" wanafanya kosa lilelile. Wala umri wa dawa katika ukoo si kinga. Mwaka 1993 madaktari wa Ubelgiji walitangaza wanawake walioharibika figo kwa dawa ya miti ya kupunguza unene, iliyochanganyika na mmea wa jamii ya Aristolochia. Madhara ya namna hiyo huja taratibu, miezi hadi miaka, na kwa sababu hayaji siku ileile, kijiji hakiwezi kuyaunganisha na kikombe.

Sasa tuje kwenye migongano tunayoiomba mfundishe kwanza. Ipo mingi, hii ndiyo inayogusa dawa zinazotolewa kila wiki katika zahanati zenu.

Sukari ndiyo ya kwanza. Glibenklamaidi hushusha sukari kwa saa 24, na figo zikiwa dhaifu huzidi hapo. Mlonge, mwarobaini na karela navyo vina uwezo wa kushusha sukari. Mzee anameza kidonge asubuhi, anakunywa kijiko cha unga wa mlonge kwenye uji, mchana hali kwa sababu hana hamu. Saa tisa alasiri anatoka jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka, anaanguka. Nyumbani watasema ni malaria imepanda kichwani, au amerogwa, au ni uzee. Sukari ikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita, na kama mzee anaweza kumeza, apewe vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15, arudiwe ikiwa haijapanda, kisha ale ugali au ndizi. Akiwa hajitambui asimiminiwe chochote mdomoni, maana kitaingia kwenye mapafu. Hapo ni dripu ya glukosi. Na jambo linalosahaulika: akiwa anatumia glibenklamaidi, asirudishwe nyumbani kwa kuwa sukari imepanda mara moja. Itashuka tena usiku. Alazwe, apimwe kwa siku nzima. Kwa maoni yetu, dawa hii isiwe chaguo la kwanza kwa mtu wa miaka zaidi ya 65 pale ambapo nyingine inapatikana, kuwe na mlonge au kusiwe.

Presha ina njia mbili za kuharibika. Kuna vitu vinavyoishusha pamoja na vidonge: chai ya choya, mlonge tena, kitunguu saumu kwa wingi. Halafu kuna vinavyoipandisha huku mzee akiamini anajitibu, na magadi ndiyo yanayotusumbua zaidi. Magadi ni sodiamu. Yanatiwa kwenye maharage yaive upesi, kwenye mboga zilainike, na yanalambwa kwa kiungulia. Mtumishi anamwambia mzee apunguze chumvi, mzee anapunguza kweli, na hakuna aliyetaja magadi. Huku Rungwe na Njombe kwenye parachichi, siku hizi unga wa kokwa lake unasifiwa kwa presha; ushahidi wa maana kwa binadamu haupo, na hatuoni sababu ya mzee kuacha amlodipini kwa ajili yake. Tunda lenyewe ni chakula kizuri, ila lina potasiamu nyingi, kwa hiyo mwenye figo dhaifu anayetumia losartani au kaptopri apimwe potasiamu kabla ya kuambiwa ale kila siku. Balungi nalo liulizwe kwa anayemeza nifedipini, kwa kuwa huifanya iwe kali kuliko kipimo alichoandikiwa.

Vipimo vya presha vyenyewe vinatudanganya kwa wazee. Mkanda wa kawaida wa mashine umetengenezwa kwa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Bibi mwenye mkono wa sentimita 19 akifungwa mkanda huo, mashine itatoa namba ya chini kuliko ukweli. Nunueni mikanda midogo. Kisha mzee apimwe akiwa amelala dakika 5, asimame, apimwe tena dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, huyo ni mtu atakayeanguka akiamka usiku kwenda chooni, na chupa ya pili ni ya kuuliziwa siku hiyohiyo.

Dawa za kusafisha tumbo zinastahili sentensi zao. Utomvu wa njano wa mshubiri, ule ulio chini ya ganda la jani, huharisha, na kuharisha hutoa potasiamu. Vidonge vya kukojoza, kama furosemaidi, hutoa potasiamu pia. Mzee wa moyo anayemeza digoksini akipoteza potasiamu pande zote mbili, digoksini ileile aliyoizoea inageuka sumu: kichefuchefu, kuona rangi za njano, moyo kwenda ovyo. Mzee wa moyo asiharishwe kwa makusudi, na tunawaomba wenzetu wa tiba asili walishike hilo kama mwiko.

Kuhusu damu kuwa nyepesi: kitunguu saumu kingi na tangawizi nyingi pamoja na aspirini au wafarini huongeza kutoka damu. Kiasi cha mboga hakina neno. Vinavyotutia wasiwasi ni punje nyingi zinazomezwa kila asubuhi kama dawa, na vidonge vyake. Anayesubiri upasuaji aache siku 7 kabla, na swali hili liulizwe na anayetoa nusu kaputi, si jambo la kuachiwa bahati. Kwa wafarini, mboga za majani zenye vitamini K huenda upande wa pili na kuidhoofisha. Mzee asikatazwe mboga, ale kiasi kilekile kila wiki.

Virusi vya UKIMWI haviwezi kuachwa nje ya barua ya wazee wa ukanda huu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, na waliotangulia kuanza dawa sasa wana mvi. Dolutegraviri, dawa ya kufubaza virusi hivyo, hushikwa tumboni na madini: kalsiamu, chuma, magnesiamu, zinki, aluminiamu. Vidonge vya kiungulia na makopo mengi ya virutubisho vina madini hayo. Dolutegraviri imezwe saa 2 kabla ya vitu hivyo au saa 6 baada yake. Mtu anaweza kuwa mwaminifu kwa dawa zake kila siku na virusi vikapanda kwa sababu ya kopo alilonunua ili aongeze nguvu. Tena dolutegraviri hupandisha metifomini mwilini. Mwenye vyote viwili asizidishe miligramu 1,000 za metifomini kwa siku.

Jambo linalotukera kuliko yote ni unga uliochanganywa dawa za hospitali kwa siri. Dunia nzima umekutwa: unga wa viungo wenye deksamethasoni, prednisoloni au diklofenaki, unga wa sukari wenye glibenklamaidi, unga wa nguvu za kiume wenye sildenafili. Dalili zake zinafahamika. Maumivu ya magoti ya miaka 10 yanapotea ndani ya siku mbili. Hamu ya kula inarudi ghafla, uso unakuwa wa mviringo, ngozi ya mikono inachubuka kwa kuguswa, sukari iliyokuwa imetulia inapanda. Familia inafurahi na kusambaza habari.

Hapa kuna kosa ambalo hata watumishi wazuri hulifanya. Wakigundua, wanamwambia mzee atupe unga leo hii. Ikiwa alikuwa anameza steroidi, yaani deksamethasoni au prednisoloni, kwa zaidi ya wiki 3, tezi zake za juu ya figo zimekwisha kulala. Akikatishwa ghafla presha inaanguka, anatapika, anaweza kufa. Inatakiwa apewe prednisoloni kwa kipimo kinachojulikana na kupunguzwa polepole chini ya uangalizi wa daktari. Unga wenyewe usitupwe. Ubaki kwenye chombo chake cha asili pamoja na lebo yake, uandikwe tarehe na mahali uliponunuliwa, fomu ya njano ya madhara ya dawa ijazwe na kupelekwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na sampuli ifike kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Mamlaka zote mbili zina ofisi za kanda Mbeya. Mganga halali anaumizwa na utapeli huu kama mgonjwa anavyoumizwa, kwa kuwa unga wake safi unaonekana dhaifu ukilinganishwa na wa tapeli.

Pembeni ya hapo kuna mashine za kushika kifimbo cha chuma zinazotoa karatasi yenye magonjwa ya mwili mzima. Hakuna kifimbo kinachosoma figo kupitia kiganja. Wazee wanaitiwa kwenye kumbi na viwanja vya mikutano, wanapimwa bure, kisha wanauziwa makopo. Wakurugenzi wanaotoa vibali vya mikutano hiyo waulize kwanza leseni ya anayepima.

Tiba za mikono zina faida, na tungependa zikubaliwe waziwazi. Kuchuliwa kwa mafuta ya uvuguvugu hupunguza maumivu ya goti na mgongo kwa muda, humpa usingizi mzee anayelala peke yake, na pengine ndiyo mara pekee katika wiki anaguswa na mtu. Lakini mchuaji afundishwe mambo manne ya kumfanya aondoe mikono. Mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu ya shavu la mguu: huenda damu imeganda, na kuuchua kunaweza kuisukuma hadi kwenye mapafu. Mgongo unaouma zaidi usiku, pamoja na homa za jioni na kukonda: hiyo huenda ni TB ya uti wa mgongo au saratani. Mzee aliyeanguka, mguu umekuwa mfupi na wayo umegeukia nje: nyonga imevunjika, asivutwe, asikandwe, afungwe miguu pamoja na mto katikati na afike hospitali ya upasuaji, ikiwezekana afanyiwe ndani ya saa 48. Na miguu ya mwenye kisukari isikandwe kwa maji ya moto, kwa kuwa haisikii. Mkandaji apime joto kwa kiwiko chake mwenyewe. Kwa upande wa kuumika kwa chuku na kuchanja chale, wembe ni wa mtu mmoja mara moja, na anayetumia wafarini asichanjwe.

Katika vitu ambavyo vituo vingeweza kuvipokea bila hofu, asali iko mbele. Kijiko kimoja usiku hutuliza kikohozi kwa mtu mzima. Asali safi kwenye kidonda cha moto kisicho kirefu husaidia kupona, nayo misitu ya Chunya inaitoa. Mafuta yenye kiini cha pilipili hupunguza maumivu ya viungo yakipakwa mara 3 hadi 4 kwa siku kwa wiki kadhaa, mradi mikono ioshwe kabla ya kugusa macho. Mazoezi ya mizani na nguvu yana ushahidi mzito kuliko kikombe chochote: yamepunguza kuanguka kwa wazee kwa takriban robo, na taichi ya Wachina kwa karibu kiasi hichohicho. Hakuhitajiki mwalimu kutoka Beijing. Kuinuka kwenye kiti bila kushika mara 10, kusimama kisigino mbele ya vidole huku mtu ameshika meza, kutembea kwa kunyanyua magoti, mara 3 kwa wiki, baraza la wazee la kijiji linaweza kusimamia.

Gome la mti uitwao Prunus africana, linalotumika kwa tezi dume, nalo lina ushahidi wa kupunguza kiasi kukojoa mara kwa mara usiku. Haliponyi saratani ya tezi dume, kwa hiyo mzee anayelitumia achunguzwe kwanza. Akishindwa kabisa kukojoa, asiongezewe kikombe: awekewe mpira wa mkojo siku hiyo. Aulizwe pia kama amekunywa dawa ya mafua, kwani klorofeniramini hufunga mkojo na kumchanganya akili mzee, na msimu wa baridi ya Makete hakuna nyumba isiyo nayo. Mti wenyewe uko chini ya ulinzi wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 1995. Ukibanduliwa gome mzunguko mzima unakufa, na anayekuja baada yetu hatakuwa na cha kuchemsha.

Maandalizi yana matatizo ya kawaida ambayo elimu ya nusu siku ingeyapunguza. "Kikombe" ni kipi? Kikombe cha chai ni kama mililita 250, cha plastiki cha nyumbani kinafika nusu lita, yaani mara mbili. Dawa iliyochemshwa kwa maji ikikaa siku tatu bila jokofu ni mchuzi wa bakteria. Ichemshwe ya siku moja. Mizizi iliyoanikwa Tukuyu wakati wa mvua huota ukungu kabla haijakauka, na ukungu una sumu inayoumiza ini isiyoondoka kwa kuchemsha. Ianikwe juu ya kichanja, kivulini penye upepo, na yenye madoa itupwe. Waganga wa Iringa wanaoloweka mizizi kwenye ulanzi wajue kwamba pombe pamoja na glibenklamaidi ni njia nyingine ya kushusha sukari.

Turudi kwenye swali lenyewe. Namna ya kuliuliza ndiyo itakayoamua kama kazi hii itafaulu. "Hutumii dawa za kienyeji, si ndiyo?" ni swali lenye jibu lake ndani, mzee atasema ndiyo, situmii. Tunapendekeza hivi: "Shikamoo bibi. Pamoja na vidonge hivi, nyumbani unajisaidia na nini kingine, cha kunywa, cha kupaka, cha kuchanjwa, cha dukani au ulichopewa kwenye maombi? Tukikijua, hatutakupa kitu kitakachogombana nacho." Kisha: unatumia kiasi gani, nionyeshe kwa kikombe. Tangu lini? Na la mwisho, ambalo tunaona ndilo kubwa kuliko yote: ulipoanza hiki, uliacha kipi?

Kumbukeni Loliondo mwaka 2011. Maelfu walisafiri hadi Samunge kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na baadhi ya wagonjwa walifia njiani. Hatari kubwa haikuwa ndani ya kikombe peke yake. Ilikuwa kwenye vidonge vilivyoachwa nyumbani na watu ambao hawakuwa na mahali pa kusema kwamba wameviacha.

Swali liulizwe faraghani, si dirishani mbele ya foleni. Wazee wengi husimulia miili yao kwa Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe, Kibena au Kikinga, hivyo apangwe mtumishi anayeijua lugha, asifanywe mjukuu kuwa mkalimani wa mkojo wa babu yake. Kwa Wanyakyusa, baba mkwe na mke wa mwanawe wana desturi ya kuepukana. Mzee aliyesindikizwa na mkwewe hatasema neno hadi mkwe atoke nje. Na jibu likija, uso wa anayeuliza usibadilike.

Tunachoomba mkitekeleze ni hiki. Kwenye kadi ya kliniki na kwenye mfumo wa kompyuta wa kituo uongezwe mstari: "Vingine anavyotumia, na alichoacha". Kila miezi 6 mzee aambiwe aje na mfuko wake wote, vya hospitali na visivyo vya hospitali, vimwagwe mezani mbele ya mfamasia au muuguzi aliyepangiwa, kimoja kimoja kiulizwe. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafanye vivyo hivyo kwa wasiotoka kitandani. Mratibu wa tiba asili wa halmashauri, ambaye mara nyingi ana jina la cheo na hana hata pikipiki, apewe siku maalumu ya kukaa na waganga waliosajiliwa, na kitabu cha karatasi za rufaa zenye pande mbili: mganga anaandika alichotoa na alichokiona, kituo kinaandika kilichopatikana na kumrudishia. Karatasi isiyorudi na jibu itaua uaminifu ndani ya mwezi mmoja. Kila mganga aliyesajiliwa anayehudumia wazee afundishwe kutumia mashine ya presha na ya sukari, na ajue namba za kutompokea mtu.

Usajili uchujwe vizuri. Wapiga ramli na lambalamba wanaonyooshea vikongwe vidole kuwa ni wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa kuni miaka 60, wasipewe nafasi katika vikao hivi. Hao hawatibu mtu.

Tunaambiwa muda hautoshi. Maswali yale manne huchukua dakika kama 4. Mzee aliyelazwa kwa sukari kushuka huchukua kitanda, muuguzi wa usiku na dripu. Gharama yenyewe ni uchapaji, mikanda midogo ya presha, vipimio vya sukari, na posho ya mafunzo ya siku mbili. Inaweza kuingia kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri kabla bajeti ya Julai haijafungwa. Kila mkoa uanze na kliniki moja, siku ile ya wiki ya presha na sukari, kwa miezi 3, na daftari lihesabu mambo matatu tu: wazee wangapi waliulizwa, wangapi walitaja chupa ya pili, wangapi walibadilishiwa dawa kwa sababu hiyo.

Tunaomba jibu la maandishi kutoka kila mkoa, likitaja kliniki iliyochaguliwa na jina la cheo la atakayesimamia. Waganga waliosaini pamoja nasi wako tayari kuleta mimea yao ionekane, itajwe kwa jina na ipimwe.

Wenu katika kazi,

Wauguzi, wafamasia, matabibu na waganga wa tiba asili, Nyanda za Juu Kusini

Nakala: Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, maofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, mabaraza ya wazee ya kata.